Mawe Yaliyokabidhiwa

Osaka, 3 Julai 1994

Babu,

Ukifika mstari wa pili, simama, vaa kofia yako ya sherehe, kisha ndiyo uendelee kusoma. Anayekuandikia ni mtu mkubwa kuliko wote waliowahi kuzaliwa katika ukoo wa Tak, pamoja na yule jenerali, pamoja na yule aliyefaulu mtihani wa mfalme. Hao walifanya nini? Mmoja alipigana vita akafa, mwingine alifanya mtihani. Mimi, Tak Gil-mo, niliyefukuzwa shule mara mbili, nimewapata Bwana Kushoto na Bwana Kulia.

Ndiyo, wenyewe. Wale maofisa wawili wa mawe waliokuwa wakilinda kaburi la babu mkuu wa ukoo, uliowaona wakiondoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe enzi za utawala wa Wajapani, ukiwa na miaka tisa. Baba Mdogo alinitoa kwenye karakana yake ya mawe, akanituma mji mmoja mdogo, saa nzima kwa treni, nikatengeneze taa ya mawe iliyoegemea upande kwenye bustani ya jumba la makumbusho. Nikapita nyuma ya mianzi, karibu na choo, samahani Babu lakini ndipo walipo, nikawakuta wamesimama wananitazama kama wanaoniuliza mbona nimechelewa.

Bwana Kushoto hana pua. Ile hadithi ya mama yako kusaga pua ya jiwe akanywa unga wake apate mtoto wa kiume, nilidhani ni maneno ya walevi. Sasa nimeiona pua yenyewe ilivyolika. Wewe ni mtoto wa pua, usikatae. Na nyuma ya Bwana Kulia, kwenye upindo wa vazi, kuna herufi za Kichina. Mimi na herufi hizo tunasalimiana kwa mbali tu, lakini "Tak" naijua, na jina la kijiji chetu, Bamtigol, nalijua, hata wakilichonga kichwa chini.

Mbele yao kuna kibao: "Jozi ya maofisa wa mawe. Rasi ya Korea, karne ya kumi na saba. Ilipatikana mwaka 1933."

Nikapiga magoti hapohapo na mkanda wangu wa patasi, nikainama hadi paji la uso likagusa changarawe. Akatoka mama mmoja mwenye miwani, mtunzaji wa vitu vya pale, anaitwa Bi Isogai.

"Kijana, tumbo linakuuma?"

"Hapana mama, nasalimia wazazi."

Basi nasubiri amri yako. Winchi ninayo, na lori la Baba Mdogo lina mafuta. Niwapakie tu?

Mjukuu wako mkubwa, kwa umri na kwa sifa,
Gil-mo


Bamtigol, 15 Julai 1994

Gil-mo,

Sikusimama, goti halikuruhusu. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka shangazi yako akaja kuniuliza kama nimepigwa na jua.

Winchi usiiguse. Tukiwabeba kimyakimya tutakuwa tumejifunza kwa hao waliowachukua.

"Ilipatikana," wanasema. Uyoga ndio unaopatikana. Maofisa wale walikuwa wamesimama mahali pao miaka mia tatu, hawakupotea hata siku moja. Nenda kwa huyo mama, kwa adabu, umwambie ukoo unaomba warudishwe. Neno ni hilo, kurudisha, usilete lingine. Serikali yetu na ya Japani zilipoelewana mwaka 1965, vitu vichache vilivyokuja viliandikwa kwamba "vimekabidhiwa". Gazeti lile nililisoma mpaka likachanika. Anayerudisha anakiri kwamba alichukua. Kukabidhi anaweza yeyote, hata tarishi wa posta.

Kila vuli nawaandikia mababu, nasoma mbele ya kaburi, nachoma karatasi. Ikishaungua imefika, na hakuna wa kukurudishia uifute. Miaka arobaini sijawaandikia jambo nisilo na hakika nalo. Nikiwatangazia kwamba walinzi wao wamekuja, lazima niseme walikuwa wapi, na wamekujaje.

Tena usinipigie simu kwa habari hii. Barua hukaa kwenye sanduku la ukoo, simu hukaa wapi?

Kifua changu siku hizi kinaongea kuliko mimi. Daktari wa mjini Gwangju naye anaongea. Nawaacha waongee wenyewe.

Babu yako,
Tak Byeong-ik


11 Agosti 1994

Kwa Bwana Tak Gil-mo,

Joto la mwisho wa kiangazi bado linatubana. Natumaini wewe na jamaa zako hapo Osaka mko salama.

Bodi yetu ilikaa tarehe 9 kujadili ombi la ukoo wako. Inatambua uhusiano wa ukoo na mawe haya mawili, na iko tayari kuyakabidhi bila malipo yoyote. Hata hivyo bodi haiwezi kutumia maneno "kuporwa", "kuibwa" wala "kurudisha". Kwenye jalada letu kuna hati ya mauzo ya mwaka 1933, yenye muhuri wa mtu anayetajwa kuwa mlinzi wa kaburi, na wajumbe wanaona si kazi yao kuamua kilichotokea siku ile. Kwa hiyo nyaraka zote zitasema kwamba mawe "yalihamishwa kutoka Korea" na sasa "yanakabidhiwa", na ukoo utakubali kwamba maneno hayo ni ya mwisho.

Mkataba ukigongwa muhuri kabla ya tarehe 10 Septemba, mawe yatasafiri Oktoba. La sivyo, jambo litangoja bodi ya Aprili. Wajumbe watakuwa wapya, nami sitaweza kuahidi chochote.

Haya ya mwisho nayaandika kama mimi, ofisi haimo. Nimeishi na maneno ya namna hii miaka ishirini. Yanawawezesha watu wasiotaka kutazamana kukaa meza moja. Sijaona yakimpa mtu yeyote usingizi mzuri. Mwonyeshe babu yako kila neno.

Isogai Fumie,
mtunzaji wa mikusanyo


Osaka, 16 Agosti 1994

Babu,

Mambo ni matamu kama tikiti la Agosti. Wamekubali kuwaachia Bwana Kushoto na Bwana Kulia, wote wawili, bure, na nauli wanalipa wao. Wakorea wangapi wamewahi kuwatoa Wajapani kitu bure? Mimi tu, na yule mwanamasumbwi wetu aliyewapokonya mkanda wa ubingwa.

Kuna kaneno kamoja tu kamebaki. Wanasema wao "wanakabidhi", na kwamba mawe "yalihamishwa". Usitupe barua kwanza, nisikilize. Jana nilikwenda ofisini kwa Bi Isogai, akanipa chai ya shayiri, nikambana.

"Mama, nikichukua baiskeli yako leo, nikikuletea baada ya miaka sitini, nitakuwa nimekukabidhi?"

"Baiskeli yangu ina kutu tayari, Bwana Tak."

"Lakini ni yako."

"Ni yangu," akasema. Akaniongezea chai. "Ukiniuliza mimi, ni yangu. Ukiiuliza bodi, baiskeli ilihama."

Sasa tupime, Babu, mimi na wewe, watu wa mawe. Bwana Kulia ana kilo mia sita, nimemkadiria kwa macho, na macho yangu hayakosei zaidi ya kilo kumi. Hilo neno lina kilo ngapi? Mwisho wao ni tarehe 10 Septemba, baada ya hapo ni Aprili, na Aprili ni mbali kwa mtu mwenye kifua kinachoongea. Nitumie muhuri wa ukoo niwe nao tayari. Nitaendelea kuwabana. Ulimi huu uliwahi kumfanya mwalimu mkuu aniombe radhi siku aliyonifukuza.

Gil-mo


Bamtigol, 27 Agosti 1994

Gil-mo,

Muhuri umo ndani ya mfuko wa marehemu bibi yako. Tangu nizaliwe umegonga karatasi tatu.

Ugonge kwenye "kurudisha" peke yake. Wakikataa, urudi na muhuri mfukoni na mawe yakae hukohuko karibu na choo. Nimengoja miaka sitini na moja, Aprili haitanishinda. Ikinishinda, utangoja wewe.

Neno halina kilo, ni kweli. Ndiyo maana waliweza kuyabeba mawe na kuliacha.

Babu yako


Osaka, 8 Septemba 1994

Babu,

Kaa chini sasa, maana mara ya kwanza nilikuambia usimame ukakataa.

Wamekubali. Kurudisha. Limeandikwa wino mweusi, wala halikufichwa pembeni. Mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja mwenye nyusi kama brashi ya viatu, alibisha saa nzima. Nikamwambia, "Mzee, mimi ni mchonga mawe ya makaburi. Jina likikosewa kwenye jiwe huwezi kusema lilihama, unalichonga upya." Akaguna, akacheka kidogo, akasema andikeni anavyotaka kijana. Bi Isogai alitaka kulia. Nikatoa muhuri wetu, nikaupulizia pumzi ya moto kama ulivyonifundisha, nikagonga mara moja, mstari umenyooka.

Karatasi zenyewe zinabaki huku kwanza kwa mambo ya forodha, usiniulize, forodha ni watu wagumu. Waambie binamu zangu wanaokata majani makaburini wiki hii wasafishe na vile vishimo viwili vya pembeni. Wenyewe wanakuja.

Ukiwa unapita kijijini tembea polepole, watu wamwone vizuri babu yake Gil-mo.

Gil-mo


9 Septemba 1994

Kwa Bwana Tak Gil-mo,

Nimepokea mkataba wenye muhuri wa ukoo. Nashukuru kwamba mzee ameridhia neno "kukabidhi", ingawa nakiri nilitegemea vingine. Ulisaini haraka sana, na hukutaka kukaa unywe chai.

Mawe hayataondoka bustanini kabla ya tarehe 15 Oktoba. Ikiwa mzee atakuwa na wazo jingine kabla ya siku hiyo, niandikie mstari mmoja tu. Nitasimamisha kila kitu mwenyewe, wala sitauliza sababu.

Isogai Fumie


Bamtigol, 10 Septemba 1994

Gil-mo,

Bado sijapata jibu lako, lakini naona nilikuandikia kwa ukali mwezi uliopita, na hukuambiwa sababu. Nikuambie. Baba yako hakuijua. Bibi yako hakuijua.

Siku walipokuja kuchukua mawe, baba yangu alikuwa ameitwa kituo cha polisi mjini. Alikuja mtu mwenye kofia nyeupe na vibarua sita. Walipakia Bwana Kulia, mkokoteni ukalia, ng'ombe akagoma. Wakampiga, akazidi kugoma. Alikuwa ng'ombe wa jirani, mimi ndiye niliyekuwa nikimchunga, na hakuwa akimfuata mtu mwingine. Yule mwenye kofia akanipa boksi la tofi za maziwa. Nilikuwa sijawahi kuonja. Nikashika kamba. Nilimwongoza ng'ombe mpaka barabara kuu, kisha nikarudi kwa ajili ya Bwana Kushoto, nikafanya hivyohivyo. Tofi nilizila zote mtoni. Baba aliporudi nikamwambia nilikuwa naogelea.

Bila mimi mawe yale yasingevuka mtaro.

Sasa wakiandika "yalihamishwa", maana yake hakuna aliyefanya kitu siku ile. Hata mimi. Ningeweza kufa na neno hilo likiwa limenifunika vizuri, na usidhani sijalitamani. Lakini nataka waseme lao, kwa mdomo wao, ili nami niseme langu mbele ya kaburi. Kusema peke yangu siwezi. Nimejaribu kila vuli.

Ndiyo sababu.

Babu yako


Osaka, 3 Oktoba 1994

Babu,

Tangu mfuko wa bibi wenye muhuri sijapata barua yako nyingine. Watu wa posta wa huku wanajisifu wee, na bado barua zinapotea. Kama uliandika kitu, usijisumbue kurudia.

Mawe yanafungwa. Bwana Kushoto amevishwa blanketi tatu, anaonekana kama shangazi akitoka bafuni. Yataingia bandari ya Busan mwisho wa mwezi na lori litayafikisha mpaka mlangoni.

Kwenye sherehe ya makaburi sitakuja. Karatasi zangu za kukaa huku zinafanyiwa kazi, na Baba Mdogo ana oda ya mawe kumi na mbili. Heshima zote mpeni binamu yangu, yeye hajawahi kupata hata moja, atafurahi.

Vaa nguo ya ndani ya sufu siku hiyo.

Gil-mo


Bamtigol, 14 Novemba 1994

Gil-mo wangu,

Juzi tumewasimamisha. Watu wa ukoo walikuja themanini na kitu, hata wale wa Seoul ambao huwa na udhuru kila mwaka. Bwana Kulia aliingia kwenye kishimo chake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Bwana Kushoto alisumbua kidogo, tukamgeuza, akakubali. Wanawake walikuwa wanamcheka pua yake, na shangazi yako akawaonya vijana wasimguse, tuna watoto wa kiume wa kutosha.

Kule mlangoni mwa kijiji, tangu sikukuu ya mavuno, wametundika kitambaa kirefu chenye jina lako kwa herufi nyekundu. Nasikia binamu yako alikueleza kwa simu. Mwalimu mkuu wako wa zamani alisimama chini yake akapigwa picha.

Niliandika tangazo kwa brashi mwenyewe. Kifua nacho siku hiyo kilinyamaza. Sijui barua yangu ya Septemba ilipotelea wapi, kwa hiyo nakunakilia niliyoyasoma, upate kuelewa walichokisikia wote waliokuwepo:

"Walinzi wenu walichukuliwa bila haki mwaka wa Jogoo, 1933. Waliowachukua wamekiri, na kwa mdomo wao wamesema wanawarudisha. Kwa kuwa wao wamesema, nami Byeong-ik nasema. Siku ile niliyeshika kamba ya ng'ombe ni mimi, kwa boksi moja la tofi. Mkokoteni usingetoka bila mkono wangu. Niliwaficha jambo hili miaka sitini na moja. Leo sote tuliowakosea, wao na mimi, tumesimama mbele yenu."

Mzee wa tawi la pili akavua kofia. Wengine hawajanizungumzisha tangu juzi, na sishangai, wana haki. Nilichoma karatasi, ikapanda vizuri bila kurudi chini. Nimelala siku mbili kama mtoto.

Sasa nitumie nakala ya mkataba, ile yenye neno lao. Nataka iwekwe kwenye sanduku la ukoo juu ya tangazo langu, zikae pamoja.

Babu yako


Osaka, 24 Novemba 1994

Babu,

Nimeanza barua hii mara saba. Ya kwanza ilikuwa na utani mzuri sana juu ya mwalimu mkuu, ungecheka. Nimeichana.

Nakala hii hapa. Mwombe mtu yeyote anayejua Kijapani akusomee, au isome mwenyewe, najua unakijua ingawa hukisemi. Mstari wa nne unasema "yalihamishwa". Mstari wa sita unasema "yanakabidhiwa". Mstari wa tisa unasema ukoo wa Tak umekubali kwamba maneno hayo ni ya mwisho. Chini yake ni muhuri wetu, nimeugonga mimi, umenyooka, hilo halikuwa uongo. Mzee mwenye nyusi nilimbuni. Hakuna mjumbe yeyote niliyebishana naye. Niliingia, nikagonga, nikaondoka kabla chai haijapoa.

Nilijiambia ni kwa sababu ya kifua chako. Kidogo ilikuwa hivyo. Nilijiambia utayaona mawe, utafurahi, na neno litabaki Osaka kwenye jalada halimuumi mtu. Tena nilijua Kijapani cha mkataba hakifiki Bamtigol ila kwa mdomo wangu. Ukinipiga kwa hayo nitainama upige vizuri.

Ila hayo yote yangeweza kutengenezwa.

Barua yako ya tarehe 10 Septemba haikupotea. Ilifika tarehe 17, siku ya Jumamosi, nikaisomea uani nikiwa nimekalia jiwe la kaburi la mtu ambalo nilikuwa sijamaliza kulichonga. Niliisoma mpaka kwenye tofi, kisha nikarudia. Bwana Kushoto na Bwana Kulia walikuwa bado wapo nyuma ya mianzi. Bi Isogai alikuwa ameniambia mstari mmoja tu utatosha kusimamisha kila kitu. Nilikuwa na wiki nne. Kalamu ninayo, na wewe unajua jinsi ninavyopenda kuandika. Siku tatu baadaye binamu akanipigia kuniambia wametundika kile kitambaa. Akanisomea jina langu lote kwenye simu, na mimi nikamwambia arudie.

Basi nikakuandikia kwamba posta imepoteza barua.

Wao hawajakiri kitu, Babu. Hawajasema hata neno moja. Siku ile mbele ya kaburi, mbele ya watu themanini, ulikiri peke yako.

Gil-mo